Oreste Konokono Atia Mguu kwa Kobe

Oreste Bindocci alikuwa fundi bomba mstaafu, Mkatoliki wa Pasaka kwa Pasaka, na Konokono wa damu. Katika hayo matatu, la mwisho tu ndilo ambalo angekubali kulifia.

Huko Siena, mji wa Italia, kila mtaa una mnyama au alama yake, na mtoto hubatizwa mara mbili: kwa padri, ili siku moja aende mbinguni, na kwenye chemchemi ya mtaa, ili apate sababu ya kungoja duniani. Wazee wa zamani walikwenda mbali zaidi: ardhi uliyozaliwa juu yake, huo ndio mtaa wako, upende usipende. Basi mtaa wa Konokono una adui mmoja tu chini ya jua, mtaa wa Kobe. Usicheke. Wanyama hao wawili wamechukiana karne na karne kwa ajili ya mbio za farasi.

Tangu aoe, Oreste hakuwahi kutia mguu kwa Kobe, ingawa kutoka dirishani pake aliweza kuwasikia wakipiga chafya. Bomba likipasuka huko, aliwaacha waogelee.

Sasa akaja mkwe. Bi Ornella, mwalimu mkuu mstaafu wa Milano, mama wa kijana aliyemwoa Ginevra, binti wa Oreste, alitaka kuutazama mji kabla mjukuu hajazaliwa. Asubuhi hiyo Ginevra, tumbo likiwa limemtangulia hatua moja, alimbana baba yake jikoni.

"Baba, leo uwe kama watu. Ukianza vituko vyako vya Kobe mbele ya mama mkwe, haki ya Mungu mtoto atabatizwa Milano, na chemchemi yako utaoshea soksi."

Mjukuu asiye Konokono! Oreste aliapa kuwa kama watu, akamchukua na rafiki yake Duilio, kinyozi na Konokono mwenzake, amshike mkono pale utu utakapomshinda.

Mambo yalikwenda vizuri kwenye uwanja mkuu wa mji. Kanisa kuu nalo likapita salama. Kisha Bi Ornella akafunua ramani yake.

"Sasa twende kanisa la Mtakatifu Agostino. Kuna mchoro humo, marehemu mama yangu alitundika picha yake juu ya kitanda. Sijawahi kuuona wenyewe."

Duilio akapiga ishara ya msalaba. Kanisa hilo liko katikati ya Kobe.

Oreste akawaongoza. Wakateremka kilima, wakazunguka ukuta, wakapanda kingine. Viatu vya Bi Ornella vikaanza kulalamika, kisha mwenyewe.

"Bwana Oreste, mbona kanisa liko nyuma yetu?"

"Hiyo ramani, mama, bila shaka imechorwa na Kobe."

"Na nani?"

Ginevra alimtazama tu baba yake, akaweka mkono tumboni. Oreste akageuka kama ng'ombe wa machinjioni.

Mpakani kwa Kobe Duilio akafunga breki. "Nenda, ndugu yangu. Mimi nitakuombea kutoka hapahapa."

Oreste akafumba macho, akamshika binti yake mkono, akavuka. Alijiambia kwamba asiyeona hakufika. Walipokaribia mlango wa kanisa, mkono ule ukamkaba vidole.

"Baba, chupa imepasuka."

Macho yakamtoka. "Si hapa! Mwanangu, bana! Popote duniani, hata chooni kwa shetani, ila si hapa!"

"Huyu baba ana kichaa?" Bi Ornella akauliza, akipiga simu kuita gari la wagonjwa. Akajibiwa kuwa litasimama chini, mtaani kwa Konokono, kwani huku juu njia imefungwa na mafundi wa barabara.

Vijana wanne wakatoka klabu ya Kobe na kiti cha magurudumu.

"Karibu, mzee Konokono! Umepotea au umeokoka?"

"Mwacheni dada azae hapa, skafu ya Kobe ya kumvika kichanga tunayo!"

Walitania, lakini kiti walikibeba kama sanamu ya Bikira Maria, taratibu, wakimfuta Ginevra jasho. Hadi mpakani. Hapo wakakitua chini.

"Mbona mmesimama?" Bi Ornella akapiga kelele.

"Mama, sisi huko hatuingii. Tutapata upele."

Ng'ambo ya pili Duilio alikuwa amenyoosha mikono, mwili wote mbele, ncha za viatu zikiwa zimegoma. Bi Ornella akatazama Kobe, akatazama Konokono, akatoa tusi ambalo shule nzima ya Milano haikujua analijua, akakisukuma kiti mwenyewe hadi kwenye gari.

Mtoto alizaliwa hospitalini, nje ya kuta za mji, ambako si kwa Kobe wala kwa Konokono, dume lenye sauti. Jioni Bi Ornella alimpakata, moyo ukamlainika.

"Maadamu kubatizwa huku ni lazima," alisema, "nadhani iwe kwa wale vijana wa Kobe. Waungwana sana."

Oreste akatafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akakaa sakafuni.

Ginevra, yule aliyetaka baba yake awe kama watu, akajiinua juu ya mto, nywele zimemganda usoni.

"Mama, nakuheshimu. Lakini ukilitaja tena hilo jina mbele ya mwanangu, utamwona kwenye picha tu."

Oreste akaangua kilio pale chini. Kichanga nacho kikajibu, na muuguzi aliyeingia mbio akabaki mlangoni, hajui aanze kumbembeleza yupi.