Siku Nilipodhani Ziwa Linaungua

Mpaka leo, nikisikia harufu ya kitu kinachokaangwa, kinachonukia kama dagaa lakini si dagaa, nasimama kwanza. Moyo unanipeleka Lituhi, ziwani, kwa bibi mzaa mama.

Sisi tulikaa Matiri, kwenye kahawa na baridi. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao, na baba akaondoka na kahawa yetu kwenda kuiuza Kitai. Msimu ukaisha, mvua zikaanza, hakurudi. Mama akafunga nguo zetu kwenye kanga, akaniambia tunakwenda likizo ziwani. Nilifurahi, tena sana.

Asubuhi moja nikaona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa, mrefu kuliko milima. Nikakimbia nikilia, "Bibi, ziwa linaungua!" Bibi alicheka mpaka akaketi chini. Upepo ukausukuma moshi ule kuja kwetu, na ulipofika ukawa wadudu, wadogo, laini, wakituingia masikioni, puani, hadi kwenye uji. Nikamnasa mmoja.

"Mama, hawa si mbu? Tutaugua malaria!"

Mama akanifungua kiganja. "Mtazame mdomo, Sabina. Ana mwiba wa kunyonyea damu?"

Hakuwa nao.

"Basi si mbu. Huyu ni kungu. Amekulia kule chini ya maji, akitoka anaruka tu, halafu anakufa."

Kisha akachukua kikapu, akakilowesha, akakimbia ufukweni na wanawake wenzake wakivizungusha vikapu hewani kuwanasa wale wadudu, kanga ikimdondoka, akipiga vigelegele. Matiri sikuwahi kumwona mama akikimbia. Kule alikuwa mtu wa kuinama shambani na kuongea polepole, kwa Kimatengo, lugha ya kina baba, aliyojifunza ukubwani.

Jioni bibi aliwaponda kungu, akawafinyanga mikate myeusi, akaikaanga. Wa kwanza niliula nimeziba pua. Wa pili niliomba mwenyewe. Mama akafunga mmoja kwenye jani la mgomba.

"Huu wa baba yake Sabina."

Bibi akaacha kugeuza mikate. "Umeamua, mwanangu?"

"Nimeamua, mama."

Tuliporudi tulimkuta baba amekaa mlangoni, amekonda, ndevu zimemjaa. Nikamwamkia shikamoo na papo hapo nikaanza kumsimulia habari za wadudu, bila kupumzika. Mama alimkabidhi ule mkate. Akaula wote, kichwa chini, machozi yakimtoka. Nikadhani bibi alizidisha pilipili.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikaelewa kwamba haikuwa likizo. Mama alikuwa amemwacha baba na kurudi kwao, bibi akampokea; ule mkate ndio ulikuwa uamuzi wa kumrudia. Ningependa kumuuliza mama aliwaza nini alipokuwa akikimbia pale ufukweni, lakini hayupo. Tulimzika Matiri, kati ya mibuni, mahali ambapo ziwa halionekani. Siku ile ya kungu nilimwona jinsi alivyokuwa kabla hajawa mama yangu, na mimi nilidhani anacheza tu.