Ukurasa Usiogeuzwa

Sijawahi kuweza kufanya kazi ya kalamu peke yangu, na watu wanaosema wanaweza siwaamini. Nikiachwa na daftari, mara nakumbuka mchele haujachambuliwa, mara nywele zinataka kufumuliwa, mara jirani ana mgonjwa ambaye sijamjulia hali tangu juzi. Daftari linabaki mezani limefunuliwa bure. Lakini niwekee mtu pembeni, hata mjinga, hata mtu nisiyempenda, ainamishe kichwa juu ya karatasi yake, basi mkono wangu unakwenda wenyewe. Na Mungu, kwa utani wake, aliniletea mtu nisiyempenda.

Ilikuwa Kalemie, miaka ya Zaire, wakati tulipokuwa tukiitana sitwayeni, yaani raia, na huku hatuna sabuni. Nilifundisha darasa la tano A katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli, karibu mno, hata treni ya Kabalo ikiingia ilibidi mwalimu anyamaze mpaka mabehewa yote yapite. Mtu huyo alifundisha tano B. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba ambao haukuzuia hata kikohozi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mtu wa kule Kabalo, wa pembeni ya mto, mrefu, mwenye koti moja la abakosti, lile la taifa lisilotaka tai, la rangi ya majivu na kiburi ambacho sijakiona tena kwa mtu mwenye viatu vilivyochoka namna ile.

Nasema kiburi kwa sababu hakuwa akisalimu. Natoka sokoni na beseni langu la dagaa wa ndagala, yeye anakuja uso kwa uso, ananipita kama amepita nguzo ya umeme. Nikimwita, "Jambo, Papa," hapo ndipo anaposimama, anageuka, anacheka meno yote nje: "Eh, Mama! Jambo sana!" Kumbe salamu anazo, ila lazima aombwe. Nilimwambia mama yangu nyumbani kwamba yule bwana anangoja watu wamsalimu kwanza kama gavana wa jimbo.

Na namna yake ya kufundisha! Ubaoni hakuandika hata herufi. Alimsimamisha mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri akaandika kwa niaba yake. Madaftari hakusahihisha, aliwaambia watoto wabadilishane, kila mmoja asahihishe la mwenzake, yeye akasikiliza matokeo. Na kabla ya kujibu swali, kila mtoto lazima ataje jina lake kwa sauti, kama askari kwenye gwaride. Walimu wengine walisema ni mbinu mpya kutoka chuo cha ualimu. Mimi nilisema ni uvivu uliovaa abakosti.

Mwanzo wa muhula wa pili direkta wetu, mkuu wa shule, alitukusanya. Yeye naye alikuwa mtu wa kusikitisha, mwenye filimbi shingoni na hofu machoni, lakini siku hiyo alikuwa na habari ya kweli: inspekta atakuja kabla ya Pasaka kukagua jurnali. Jurnali ni daftari ambamo mwalimu huandika kila somo kabla ya kulifundisha, neno kwa neno. Atakayekutwa na kasoro, alisema, kazi yake ya hapa mjini imekwisha, atahamishiwa porini. Nikaona giza. Jurnali yangu ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, na mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Nisingeweza kumpeleka kwenye shule ya nyasi huko Nyunzu, mbali na hospitali. Jirani yangu wa tano B alikuwa na mke na watoto watano. Hakuna kati yetu aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Direkta akatuamuru, kwa kuwa programu yetu ni moja, tuandike pamoja kila siku mchana baada ya watoto kwenda. "Mutachungana," alisema, kana kwamba sisi ni mbuzi.

Basi tukaanza, meza moja, kwenye darasa langu. Mimi nina tabia: siandiki bila kutamka. Neno lipite mdomoni kwanza ndipo lishuke kwenye kalamu. Nikiandika kimya nasinzia. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti kila sentensi niliyoiandika, na nikiimaliza nairudia. Yeye alifungua daftari lake, akaliziba kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu, akaandika. Nilipoandika aliandika, niliposimama alisimama. Nikipotea mawazo, nikianza kutazama mashua za ziwani dirishani, alisema taratibu:

"Endelea, Mama. Niko hapa."

Niko hapa! Nilitaka kumuuliza, upo kufanya nini? Maana kalamu yake ilitembea lakini ukurasa haukugeuka. Mimi namaliza kurasa tatu, yeye bado yuko palepale, mkono umefunika, kalamu inakwenda na kurudi. Nilijisemea, mtu huyu anachora mistari huku mimi natoka jasho. Mara moja tu alisimama kabla yangu. Nilikuwa naandika somo la afya, juu ya wale inzi wadogo weusi wa mitoni, wanaouma watu miaka na miaka mpaka macho yanakufa. Kalamu yake ikanyamaza. Nikamkemea: "Papa, umesinzia?" Akasema hapana, nisomee tena ile ya mwisho. Nikaisoma tena kwa sauti ya juu, kwa ukali, kama unavyomsomea mtoto mzito wa kichwa.

Siku za salongo ndizo zilizonimaliza kabisa. Salongo, kwa mliosahau au mliobahatika kuzaliwa baadaye, ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi kwa faida ya taifa. Ukitaka kujua kwamba watu wengi si dawa ya uvivu, ungekuja kutuona: watu hamsini wameegemea majembe, kila mmoja anamwangalia mwenzake aanze. Jumamosi moja jirani yangu peke yake alilima. Alilima kwa bidii, mstari mnyoofu, jasho linamtoka, na alipoinuka tukaona amefyeka maua yote ya direkta yaliyozunguka mlingoti wa bendera na kuyaacha majani yamesimama. Direkta alipuliza filimbi mpaka ikamkaukia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu toka siku hiyo waliamua asipewe jembe tena. Akawa anakaa kivulini wakati sisi tunachomwa na jua. Nikasema, hapo ndipo alipokuwa akitaka kufika. Akili ya mvivu haina mwisho.

Na bado, nyani haoni kundule. Siku moja aliugua, hakuja. Niliketi peke yangu na jurnali, nikaifuta meza, nikaufuta ubao mara mbili, nikapanga chaki kwa urefu, nikaenda nyumbani bila kuandika neno. Kesho yake alirudi akakohoa, akasema yupo, nikaandika masomo manne. Hilo sikumwambia. Nilimdharau zaidi kwa sababu hiyo.

Inspekta alikuja juma moja kabla ya Pasaka, miwani myeusi, tumbo mbele, dereva nyuma. Alianza kwangu. Nilifundisha hesabu nikiwa nimeng'ang'ania karatasi, hata watoto walinionea huruma. Akaandika kitu, akatoka, akaingia tano B. Nikawaambia wanafunzi wangu wanakili, nikasogea kwenye ule ukuta wa mbao.

Nikasikia somo langu. Sentensi zangu zilezile, kwa mpangilio wangu, Kifaransa changu pamoja na kosa langu. Boti inatoka Kabimba na mifuko ya saruji, mingapi imeshushwa, mingapi imebaki. Kisha akaruka kwenye Kiswahili, kama nilivyokuwa nikinong'ona mwenyewe pale mezani ili nisilale: "Na mufuko moja ukianguka mu ziwa, samaki batajenga nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Hata inspekta alicheka, tumbo lile lilisikika. Utani ule niliutunga mimi, siku ya Jumanne, nikiwa na njaa. Na jambo lililoniuma kuliko yote, aliusema vizuri kuliko mimi.

Mchana tukakusanywa ofisini kwa direkta. Jurnali zetu zilikuwa zimepangwa mezani, na kila mwalimu alijua kwamba mainspekta wa siku zile hawafungui; wanagonga muhuri juu ya jalada na kwenda kula. Huyu naye alikuwa tayari ananusa samaki waliokuwa wakikaangwa nyumbani kwa direkta. Akasema shule iko sawa. Akasema hakuna atakayeondolewa. Nikashusha pumzi, mama yangu atabaki karibu na daktari wake. Kisha, huku muhuri uko mkononi, akaongeza: "Tano B imenifurahisha sana. Mama wa tano A, jifunze kwa jirani yako."

Nilikuwa nimepona. Nataka hilo lieleweke, sitaki kujitetea. Hakuna aliyenitishia kitu. Ningenyamaza tungekula samaki wote. Lakini miezi mitatu ya dharau ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

Nikasema, "Sitwayeni Inspekta, fungua jurnali yake."

Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweusi. Mistari juu ya mistari juu ya mistari, miezi mitatu ya wino kwenye karatasi moja, mahali pengine kalamu imetoboa mpaka chini. Kurasa nyingine zote zilikuwa nyeupe. Inspekta alivua miwani, akauliza hiki ni nini. Akampa jirani yangu programu ya masomo: "Soma hapa." Akaipokea, akaileta karibu na pua, akaisogeza upande wa dirisha kwenye mwanga, akaigeuza. Aliishika juu chini. Tukasikia mafuta yakilia kwenye kikaango cha mke wa direkta.

Direkta ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Huyu haone."

Hakuona. Alibaki na mwanga na vivuli tu, tangu mwaka uliopita, na alikuwa akilificha jambo hilo kwa ajili ya wale watoto watano. Kwa hiyo hakunisalimu mpaka asikie sauti. Kwa hiyo watoto walitaja majina. Kwa hiyo maua. Alikaa kwangu kila mchana akashika somo zima kwa kichwa, na kesho yake asubuhi akalifundisha, na kalamu aliishika ili mtu akipita dirishani aone walimu wawili wanaandika. Na mimi, mwenye macho mawili mazima, nilikaa naye meza moja miezi mitatu.

Inspekta aliandika barua palepale. Mwalimu asiyeona hahamishwi hata porini, anaondolewa. Kisha wakaenda kula.

Saa zetu za kuandika zilipofika nilirudi darasani kuchukua mkoba wangu. Nilimkuta ameketi mahali pake, mikono mezani, bila daftari. Alisikia viatu vyangu.

"Mama, njo wewe?"

"Njo mimi, Papa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na matusi ningeyaweza, nimelelewa nayo. Hakunitukana. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu kidogo kilichomwanguka.

"Mi nilizania unajua," alisema. "Toka siku ya kwanza. Nilizania njo sababu ulikuwa unanisomea kwa sauti, unarudilia mara mbili. Nilimuambia bibi yangu ku nyumba, kule ku masomo kuko mama moja wa roho nzuri, anajua na anafunga kinywa."

Treni ilikuwa haipiti, hakuna kilichonipa ruhusa ya kunyamaza. Nikisema nilijua, basi nilimuuza nikiwa najua. Nikisema sikujua, basi wema ule aliomsimulia mkewe haukuwahi kuwapo. Palikuwa na mwanamke anayejisomea ili asisinzie.

"Sikujua, Papa," nikasema.

"Ah," akasema. "Basi njo vile."

Akainuka. Miezi yote ile alikuwa akitoka mlangoni pale kwa hatua alizokuwa amezihesabu, kichwa juu, mikono mifukoni, na mimi nikiita kiburi. Siku ile alinyoosha mkono mbele yangu, akaushika ukuta, akaupapasa polepole mpaka mlangoni, akatoka.