Mkopeshaji wa Chumba cha Mafagio

Kiwandani walimwita mhasibu wao Mama Senti, maana senti moja ikipotea kwenye hesabu hakulala. Mwaka huo alivimba kwa hasira. Bonasi ilifutwa, na mdogo wake, aliyebabuka mikono kwa magadi ya sabuni, aliambiwa kiwanda hakikupata faida.

Hakikupata vipi, na sabuni ilikuwa ikigombaniwa? Bosi alikuwa na kampuni nyingine, yake mwenyewe, yenye kibao kwenye mlango wa chumba cha mafagio. Kampuni hiyo ilikikopesha kiwanda mamilioni. Pesa ziliingia asubuhi, zikarudi zilikotoka kwa mlango wa nyuma kabla ya mchana, hazikununua hata ndoo. Kilichobaki kwenye karatasi ni deni na riba yake, na riba huondolewa kwenye faida kabla ya kodi. Riba ikala faida yote. Mama Senti alipohoji, bosi alimjibu kwamba yeye ni kama mwanawe, asichimbe sana, kazi siku hizi ni adimu. Akanyamaza, maana nyumbani kwake yeye ndiye aliyewalisha wote. Kunyamaza huko kulimchoma kuliko bonasi.

Mkaguzi wa kodi, mama mmoja mtulivu, alipofika aliuliza mkopeshaji ni nani. Bosi akamnyooshea Mama Senti kidole bila haya.

"Mkurugenzi wao ni huyu hapa. Muulize."

Damu ilimpanda Mama Senti kichwani. Kumbe zile karatasi alizosainishwa harakaharaka pamoja na fomu ya likizo ndizo zilizomfanya mkurugenzi! Uongo ukigundulika, wa kwenda jela ni yeye, na bosi atakuwa anampelekea salamu.

"Sawa," alisema polepole. "Kama mimi ndiye niliyemkopesha, nataka anilipe. Leo. Zote, mbele yako."

Bosi akacheka peke yake, akasema mama huyu amechoka.

"Sijachoka. Nakudai."

Mkaguzi akamgeukia bosi, akangoja. Kukubali kungemfilisi, na kukana kungekuwa kusema hakuna deni. Bosi akaanza kuzikusanya karatasi za mkopo mezani. Mkaguzi akajua deni ni la uongo, akaikataa riba yote, na kodi ikarudi palepale ilipokimbia.

Jioni bosi alimfukuza kazi na kudai ufunguo wa chumba cha mafagio. Mama Senti alikuwa ameshaukunja kwenye ncha ya kanga.

"Kiwandani nimetoka," alisema. "Ila kule mkurugenzi bado ni mimi. Kesho nitakuja kukudai tena."