Leso Isiyokatwa

Nilikuwa nachagua leso dukani pale Makadara, wasichana wawili wakaingia wakigawana waya wa simu, kila mmoja sikio lake, wakiimba Kikorea kama waliozaliwa huko. Mmoja alikuwa na hina mpya hadi viwikoni. Bi arusi.

"Wasema nini hao Wakorea wenu?" muuzaji akauliza.

"Ni wasichana wawili waimbao, mama," akajibu asiye na hina. "Mmoja amwambia mwenziwe: nakuonea wivu, na bila sauti yako silali."

Leso huja mbili zimeshikana, na mashoga hukatiwa wakagawana. Muuzaji akashika mkasi.

"Kata, mama. Moja yake, moja yangu, kama siku zote."

"Usikate," akasema bi arusi, macho kwenye leso, si kwa mwenzake. "Hii nitavaa na wifi yangu."

Akauchomoa waya sikioni, akauweka juu ya meza, akatoka na leso yake nzima.

Aliyebaki akaufuta ule waya kwa ncha ya buibui, polepole, machozi yakimtoka.

"Nyamaza, mwanangu," muuzaji akambembeleza. "Nawe utapata wako."

"Wangu ndiye huyo aliyetoka."

Muuzaji akajitia kukunja vitambaa. Nami nikatazama dari.

Twalalamika kila siku kwamba nyimbo za Korea zatuharibia mabinti. Nyimbo za kumlilia mume tunazo tele, za arusini na za redioni. Wimbo wa kumlilia shoga aliyeolewa, siujui hata mmoja. Kisha twauliza Korea wamefuata nini.