Kituo cha Kumi na Saba

Nelvine Chepkurui alisomea kompyuta Kericho mjini kwa miezi tisa, juu ya duka la mbolea, akarudi Sotik na cheti ambacho baba yake alikitundika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa. Katika kiwanda kizima cha majani chai, mwaka ule wa tisini na sita, hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa ile mashine. Meneja, Bwana Alexander, alimwita daktari wa kompyuta, naye alijifanya kulichoka jina hilo.

Programu aliyoitunza hakuiandika yeye. Iliandikwa na karani mmoja aliyehama baada ya vurugu za kikabila za mwaka wa tisini na mbili, na huyo karani alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Programu yake ilichora ramani ya vituo vyote ishirini na vitatu vya kupimia majani, na ukichagua kituo inakutolea wakulima wake, kila mtu na namba yake. Bila namba huna kiwanda. Utachuma, utabeba mgongoni, na majani yatakuharibikia mbele ya mizani.

Kituo cha kumi na saba kilikuwa karibu na mpaka wa Kisii. Kilichomwa katika zile vurugu, daftari zake zikiwa ndani, na wenyewe, wengi wao Wakisii, wakakimbia. Yule karani, kabla hajafungasha virago vyake, alikichora kwa mistari ya kukatana kuonyesha kimefungwa, lakini wakulima wake thelathini na wanane akawaacha humo. Mmoja wao alikuwa Nyanchoka, mama Mokaya, aliyekuwa jirani yao. Huyu ndiye aliyemsuka Nelvine nywele kila Jumapili kabla ya ibada, na ugali wake Nelvine aliula kuliko wa kwao. Tangu akimbie, chai yake ilichumwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa Mzee Nicholas, baba yake Nelvine, aliyeipimia kituo cha jirani kwa namba yake mwenyewe. "Naitunza tu isikuwe msitu," alisema mzee kila alipoulizwa, na baada ya mwaka wa kwanza watu waliacha kumuuliza.

Karibu na Pasaka, Nelvine alikutana na mama Mokaya sokoni. Alikuwa amekonda. Alisema mwezi wa sita anarudi kwa shamba lake, liwe liwalo.

"Namba yangu iko bado?"

"Iko, mama. Nimeiona na macho yangu. Hakuna mtu ataigusa."

Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lilikuja kumuumiza zaidi.

Mwezi wa tano zikaletwa kompyuta mpya, na ya zamani ikabebwa siku hiyo hiyo na lori lililozileta. Nelvine akaambiwa aihamishie programu kwenye mfumo mpya wa madirisha. Hapo ndipo alipoujua ujinga wake. Kila mahali programu ilipoomba kuchorewa mstari au duara, iliomba kwa jina la zamani, na maktaba mpya ya michoro, yaani mkusanyo wa maagizo ya kuchorea, haikuyajua majina hayo. Kompaila, ile inayoitafsiria mashine maagizo, ikamtemea makosa mia mbili na kumi na moja. Alirekebisha moja, yakazuka tisa. Alikunywa chai ya kiwandani hadi ulimi ukawa mchungu, huku kitabu cha maelezo kikiwa mapajani. Wiki mbili. Makosa yakashuka hadi sitini, kumi na manne, matatu.

Yale matatu ya mwisho yote yalikuwa kwenye kituo cha kumi na saba. Maktaba mpya haikuwa na ile mistari ya kukatana. Na karani, sijui kwa haraka gani, alikuwa ameyafunga pamoja maagizo ya kuchora kituo na yale ya kuwasoma wakulima wake. Huwezi kung'oa moja bila jingine mpaka uyaandike upya.

Meneja alikuja akasimama nyuma yake.

"Kesho asubuhi madairekta wako hapa. Imebaki nini?"

"Hii ya kumi na saba tu, sir. Nipe siku mbili."

"Si hiyo ilichomeka? Toa."

Nelvine hakuitoa. Aliyaweka yale maagizo ndani ya mabano, kompaila iyaruke, akajiambia ni kwa sasa tu, wiki ijayo atayarudisha. Akaijenga programu tena. Makosa: sifuri. Madairekta walipiga makofi, mmoja akampa mkono.

Alilosahau ni kwamba kila siku kazi ikiisha programu huandika orodha upya, na huandika wale tu iliowasoma asubuhi. Siku ile ile ya makofi iliandika vituo ishirini na viwili.

Aligundua wiki iliyofuata. Akakimbilia diskete za akiba kwenye droo. Unyevu wa Sotik ulikuwa umezifikia, zimeota ukungu mweupe. Mbili zilisomeka. Ya tatu, yenye kituo kile, ilikwaruza tu. Angeweza kumwambia meneja siku hiyo hiyo. Aliogopa, akanyamaza, na mimi simtetei.

Mwezi wa sita mama Mokaya alifika kwenye mizani ya kiwandani na gunia mgongoni. Akafungua kitambaa, akatoa kadi. Nelvine aliiandika namba ile polepole, akijua. Kioo cha kompyuta kikajibu: mkulima hayupo.

"Andika tena," alisema mama Mokaya.

Aliandika tena.

Meneja akaitwa. Kuandikishwa upya, alisema, kunataka sahihi ya mwenyekiti wa kituo, na kituo hakipo. Alitia mkono kwenye gunia. "Hii inaanza kuwa moto. Pima na namba ya Mzee Nicholas. Si ni majirani?" Akarudi ofisini.

Mama Mokaya alimgeukia Nelvine.

"Moto ilichoma nyumba yangu. Hii namba haikuchoma."

"Mama, ni makosa ya kompyuta. Kulikuwa na mistari, hiyo maktaba mpya haijui kuichora, sasa mimi nika..."

Alijisikia mwenyewe, akakoma.

"Na baba yako anajua hayo makosa?"

Nelvine alifungua kinywa kuapa kwamba baba hakuhusika, kwamba hata hakumfikiria. Kisha akajiuliza kama ingekuwa ni kituo cha watu wao, angekiweka kwenye mabano upesi vile?

"Pima basi," alisema mama Mokaya. "Majani inaharibika."

Nelvine akaandika namba ya baba yake. Mashine iliikubali mara moja. Kilo kumi na nane. Risiti ikatoka na jina la Mzee Nicholas, na mama Mokaya akaikunja pamoja na kadi yake, akazifunga zote mbili ndani ya kitambaa kile kile.