Mama wa Nairobi Aliyekaa Ndani ya Simu

Chekeni tu, hata mimi nimeshacheka mpaka mbavu zikaomba likizo, lakini kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba ile sauti inayowasomea simu wasioona ni ya mama fulani aliyekaa ofisini Nairobi, kikombe cha chai mkononi, akilipwa kwa kila neno. Niliambiwa na kinyozi wangu hapa Voi, na mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni (fremu yake ni kubwa kuliko dirisha), sikuuliza swali.

Basi ofisi moja ya umma, jina nalihifadhi, ikaniweka kwenye kamati ya app ya kuagiza maji, ile ambayo usipoagiza, lori la maji linakupita mlangoni likienda kwa jirani. Fundi wa app akauliza, "Tuiandae na kwa wasioona? Itaongeza gharama kidogo." Wenzangu wakasitasita, mimi nikasimama nikawapigia hesabu ya yule mama wa Nairobi, mshahara wake, chai yake, marupurupu yake, hadi mwenyekiti akashika kichwa. "Hiyo pesa tununue tairi la lori," nikasema, nikapigiwa makofi, wasioona wakaachwa nje.

Siku ya uzinduzi, uwanja umejaa kama Kenya nzima imehamia Voi, nani akaitwa mbele kuagiza wa kwanza? Mwalimu Wakesho wa Maungu, aliyenifundisha jioni zile, na ambaye macho yamemwacha miaka ya karibuni. Tangi lake lilikuwa kavu, na kuagiza lori la kesho kungefungwa saa sita mchana. Akaweka simu karibu na maikrofoni, akapapasa kioo.

"Kitufe kisicho na jina," simu ikasema. Akasogeza kidole. "Kitufe kisicho na jina."

Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikajua mama wa Nairobi amegoma kwa sababu hatujamlipa. (Hapo ningenyamaza, lakini huu mdomo haujawahi kunisikiliza.) Nikapanda jukwaani, nikainamia simu kwa heshima zote, maikrofoni iko wazi, nikasema, "Madam, habari za Nairobi? Msomee mwalimu leo tu, chako tutatuma jioni."

"Kitufe kisicho na jina."

Uwanja ulicheka hadi naapa treni ilisimama kusikiliza. Jamaa mmoja huko nyuma akaniita, "Mwakio, muulize kama chai imepoa." Na nikiendelea kumbembeleza madam, saa sita ikapita.

Mwalimu hakucheka. Alinishika mkono. "Mwakio, unaongea na nani?"

Nikamweleza yote, mpaka tairi. (Jioni ile nilimpelekea maji Maungu kwa pikipiki, mitungi ikinilowesha mgongo, nikaapa sitapiga tena hesabu ya kitu nilichosikia kwa kinyozi.)

"Hakuna mtu humo," akasema. "Sauti inakuja na simu, hailipwi. Mlitakiwa kumlipa fundi aandike majina ya vitufe, basi. Sasa hilo tairi lenu kesho litapita kwangu bila kusimama."