Kiswahili cha Wodini

Mwaka 2016 nilipewa darasa la wanafunzi wa udaktari, Waafrika Kusini watupu, niwafundishe Kiswahili cha kuzungumza na wagonjwa. Mimi ni Mkenya. Nilihamia Johannesburg kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na hadi wakati huo wanafunzi wangu walikuwa watu wa kwenda kutalii. Hawa walikuwa na shida nyingine. Hospitali waliyojifunzia ilipokea Wakongo wengi, hasa akina mama kutoka Bukavu na Lubumbashi, na mkalimani hakuwepo. Daktari akikwama, alitafutwa mfagizi mmoja Mkongo, akaweka ndoo chini na kutafsiri.

Tulikutana saa za chakula cha mchana. Niliwafundisha kuketi kwanza, kusalimia, kisha ndipo waulize unaumwa wapi, ulianza lini, umekula nini. Upesi nikaona Kiswahili changu cha Nakuru hakitoshi. Kanisani kwetu, katika jengo kuukuu katikati ya mji, niliwauliza akina mama wa Kikongo wao husemaje. Wakanieleza kwamba kichwa hakiumi, kinaluma. Nikayapeleka hayo darasani, na wanafunzi wakayaandika.

Aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa msichana Mvenda kutoka Limpopo, mpole, mwenye sikio zuri. Baadhi ya Jumamosi alikuja kwangu, mtaa wa Kensington, akala nasi, akasikiliza tunavyozungumza. Watoto wangu walimjibu kwa Kiingereza. Yeye aliendelea kuwasemesha Kiswahili.

Mwaka uliofuata akapangiwa wodi ya watoto. Alasiri moja nilikuwa Malvern, barabara ya Jules, nikichagua kitambaa cha pazia, simu ikaita. Ilikuwa yeye, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Alinieleza kwamba kulikuwa na mtoto wa kiume, wa mwaka na nusu, mwenye nimonia. Mama yake, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa amemuuguza siku kadhaa bila kuondoka. Asubuhi ile, mtoto akiwa na nafuu, alikwenda nyumbani kuoga na kuleta nguo safi. Nyuma yake mtoto akabadilika ghafla, akafa. Mama aliporudi walimzuia mlangoni, wakamweka katika chumba cha pembeni. Daktari akamwambia mwanafunzi wangu, wewe unaijua lugha yake, mwambie, mimi nitakuwa nyuma yako. Wakaingia pamoja. Kabla hajafungua kinywa, muuguzi akamwita daktari kwa mgonjwa mwingine, akatoka.

Akabaki peke yake na yule mama. Akaketi, kama nilivyowafundisha, akasema, "Mama, pole sana. Mtoto ametutoka."

Neno hilo alilipata kwangu. Baba yangu alipofariki sikufika darasani siku kadhaa, na niliporudi akaniuliza kulikoni. Nikamwambia baba ametutoka. Nilimfafanulia kuwa watu wenye adabu hawasemi "amekufa" kuhusu mtu wao. Alilihifadhi, na siku hiyo akalitoa kwa heshima yote.

Lakini yule mama alisikia kwamba mtoto ametoka. Kwake, mtoto kutoka hospitali ni mtoto kupona. Hiyo pole aliichukua kuwa ya uchovu wa kuuguza. Alimshukuru Mungu, akafungua mfuko, akatoa sweta na kofia, akauliza amfuate mlango upi.

"Mwalimu, anafurahi," aliniambia. "Nimetoka nje. Nipe neno lingine."

"Neno ni amekufa," nikasema. "Lakini usirudi peke yako. Nakuja."

Sijui kama nilimshauri vyema. Umeme ulikuwa umekatika, taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huko, zimezimika, magari yakipita kwa zamu katika kila njia panda. Nilipofika daktari alikuwa bado hajarudi, na msichana alikuwa amesimama ukutani nje ya mlango, koti lake jeupe amelifunga vifungo vyote. Ndani, mama alikuwa ameketi wima, nguo za mtoto zimekunjwa mapajani. Alinisalimia kwa furaha aliposikia nazungumza Kiswahili. Alisema ameshampigia baba watoto, askari wa dukani, naye ameomba ruhusa kazini na yuko njiani kuja kuwachukua.

Nikaketi karibu naye, magoti yetu yakagusana. Nikamshika mkono.

"Mama, mtoto amekufa."

Hakunitazama mimi. Alimtazama msichana aliyesimama mlangoni.

"Huyu aliniambia ametoka."

Nikajaribu kueleza kwamba kwetu Kenya ndivyo tunavyosema. Nilisikia jinsi maelezo yalivyokuwa hayana maana, nikayakatiza. Mwanafunzi wangu alisema "nisamehe, mama," mara moja tu. Mama aliirudisha kofia mfukoni, kisha sweta.

"Sasa miye nilishaambia baba yake," akasema.

Baba alifika akiwa na sare ya kazi na chupa ya juisi, anatabasamu kuanzia mlangoni. Niliinuka nimwambie. Yule mama akaniwekea mkono, nikaketi tena. Alimweleza mwenyewe, kwa Kimashi, lugha ambayo mimi na mwanafunzi wangu hatuijui hata neno moja. Alisema machache. Mwanamume aliiweka chupa sakafuni taratibu, akaegemea mlango, akateleza hadi chini.

Tulikwenda matangani sote wawili, Malvern, chumba kimoja kilichojaa watu na cherehani imesukumwa pembeni. Baba alinipa mkono mimi, akampita mwanafunzi wangu. Msichana alikaa hadi mwisho, akaosha vyombo pamoja na wanawake wengine, na hakuna aliyemsemesha. Darasani hakurudi tena. Alimaliza udaktari, akaomba kazi kwao Limpopo, ambako wagonjwa ni wa lugha yake. Aliniandikia ujumbe siku alipoanza, basi.

Mimi niliendelea hadi 2019, kozi ilipofungwa. Somo la kifo nililitoa mwisho wa kozi nikalileta wiki ya kwanza. Niliwasimamisha mmoja mmoja waseme "amekufa" huku wakinitazama machoni. Wengi walisema wakitazama meza.

Yule mama nilimkuta tena mwaka ule wa mwisho, dukani kwa vitambaa. Tuliulizana hali. Nilimwuliza kama bado anatufikiria vibaya. Alipima kitambaa kwa mkono.

"Ile saa yote miye nilikuwa na furaha," akasema, "na mutoto wangu amelala kule, amekufa. Ile ndiyo inanilumaka."

Akalipa, akachukua mzigo wake, akaenda zake.